Mtaro wa Sironga Uliokutana Jumatano

Sironga, Nyamira
Wilaya ya Kisii
Mwezi wa sita, mvua kubwa ikiwa imepungua

Kwa ndugu yangu Munyao, nyumbani Mbooni.

Pokea mkono wangu kwanza, na umpe mke wangu Mama Ndunge wake kabla hujaendelea kusoma, maana najua ameketi hapo karibu nawe anasubiri kusikia mumewe anasema nini. Mimi ni mzima. Goti la kushoto linanisumbua asubuhi, lakini likishapata joto linatembea kuliko magoti ya vijana wa huku. Nyinyi je? Kile kikohozi chako kimeondoka? Ng'ombe mwekundu amezaa? Na macho ya Mama Ndunge yanaonaje? Nataka jibu la kila kitu, si kuniandikia sote tu wazima halafu nisikie kwa wasafiri kwamba mlikuwa mmelala kitandani wiki mbili.

Barua hii nimeiandika mwenyewe. Imenichukua siku nne. Mwalimu wa shule hapa alitaka kuniandikia, nikamkatalia, kwa sababu mwalimu ataweka maneno ya mwalimu. Kwa hiyo ukikuta herufi imeanguka, iinue uendelee.

Sasa ile barua yako. Uliniandikia hivi: "Kioko, tulikimbia mitaro pamoja, na leo umekwenda kuwa nyapara wa mitaro kwa watu wengine." Ukaongeza kwamba pale sokoni wanacheka. Nimeisoma mara tatu ili nihakikishe ni mkono wako. Nitakujibu, na usimsomee Mama Ndunge nusu nusu. Soma yote.

Kwanza, hatukukimbia pamoja. Wewe ndiye uliyekimbia. Ulijificha ghalani chini ya mahindi, ukatoka na vumbi puani, na mimi ndiye niliyechukuliwa na askari wa chifu, nikachimba zamu yangu na yako. Unakumbuka mitaro ile ya mkoloni? Udongo tulikuwa tunautupa chini, haraka haraka, fimbo iko mgongoni, na mvua ya pili ikaufagia wote. Tulichukia ile fimbo, na tulichukia kufanya kazi ambayo hata aliyetulazimisha hakurudi kuitazama. Lakini baadaye, wakati mama zetu walipokusanyana kwa mwethya kusaidiana kazi, wakaanza kuchimba kwa hiari na kutupa udongo juu, nani alikuwa mbele na beleshi? Uliza mtu yeyote Mbooni mwenye mvi. Watakuambia ni Kioko. Na ile mitaro ipo mpaka leo.

Pili, huku hakuna nyapara. Huku kuna kamati, na ngoja nikueleze kamati ni nini, kwa sababu naona hamjaielewa.

Unajua nilikuja huku na kambi ya barabara, wakati wanafungua njia za magari ya chai. Mimi nilikuwa mkubwa wa mifereji ya kando. Kambi ilipohama, bwana shamba wa Nyamira alikuwa ameona mifereji yangu haivunjiki, akaniuliza kama naweza kubaki nimsaidie kupima mashamba ya watu. Nikabaki. Wengi walitaka nafasi hiyo. Alinichagua mimi.

Kilima cha hapa, Munyao, wewe hujaona kilima. Ukidondosha kiazi jikoni kwako, jirani wa chini ndiye atakayekipika. Na chote kimelimwa: migomba, pareto, wimbi, majani ya chai, hakuna mahali pa kulala mbuzi. Mvua yao si kama yetu ya kubembelezwa. Msimu ukianza, inakuja karibu kila alasiri, kama mtu anayekuja kazini. Na chini ya kilima kuna chemchemi moja ambayo shule na nyumba zote za upande huu zinachota hapo. Nilipofika, mvua ikinyesha tu chemchemi inakuwa nyekundu. Kina mama walikuwa wanachota na kuacha ndoo mpaka kesho ndipo tope likae chini, na watoto tumbo halikuisha kuuma. Udongo wa juu ulikuwa unashuka kidogo kidogo kuifukia. Ingefukiwa, ni kwenda mtoni, na mtoni ni mbali, na kurudi ni kupanda.

Hapo ndipo watu wa kilima walipochaguana wenyewe wakafanya kamati ya udongo na maji. Kila upande wa kilima ulitoa mtu wake. Wanakutana katika banda la kukaushia pareto. Bwana shamba anakuja, anasema anachokijua, lakini haamui. Wao ndio wanaamua mtaro upite wapi, nani atoe kipande cha shamba maji yapite, nani apande nyasi, na nani aambiwe aache kulima hadi ukingoni. Chifu naye akija anakalia gunia kama wengine. Nimemwona kwa macho yangu akinyamazishwa na mwanamke, akanyamaza. Ungeona hilo usingeniita nyapara.

Mwenyekiti wao anaitwa Onchari, mzee mrefu, Msabato, mtu wa kanisa kweli kweli, mbishi. Nakuambia ni mbishi, na unajua mimi simwiti mtu mbishi ovyo. Mwingine wa kukumbuka ni Kwamboka, mjane, Mkatoliki, na shamba lake liko katikati kabisa ya kilima. Yeye ndiye aliyemnyamazisha chifu.

Basi kamati iliamua uchimbwe mtaro mmoja mrefu kukata kilima chote juu ya chemchemi, na tuta lake, ili maji yashikwe na yapelekwe polepole hadi kwenye njia ya nyasi upande wa pili. Wakaniita. Nikasimama mbele yao nikasema, "Nipeni kamba, pima maji ya fundi wa nyumba, na watu wawili wa kushika vijiti. Mvua kubwa ikija na chemchemi ikawa nyekundu, nitabeba sanduku langu nirudi kwetu, na mtu asinisindikize."

Onchari akamwambia karani, "Andika hiyo."

Karani akaandika. Na mimi nikatia sahihi jina langu lote mbele yao. Kwa hiyo ndugu yangu, elewa kwamba nilipoacha kuja nyumbani msimu uliopita, ndivyo nilivyokuwa nimefungwa. Ningekuja wakati ule, wangesema Mkamba amekimbia maneno yake.

Tulipima siku tatu. Onchari alishika kijiti kimoja, Kwamboka kingine, mimi katikati na kile kipimo kikining'inia kwenye kamba. Wewe hujui, lakini kilima kikali kinadanganya macho. Mahali maji yanashuka, jicho linaona yanapanda. Onchari akasimama akatikisa kichwa.

"Omokamba, hii mtaro yako inapanda. Kwenu maji inapanda mlima?"

Nikamwambia, "Kwetu maji ni kidogo, kwa hiyo tuliyafundisha adabu."

Kwamboka akasema, "Mzee Onchari, angalia kamba. Usiangalie mdomo yake, mdomo ndiyo inapanda."

Walinicheka wote wawili. Sikujali. Mstari ulikuwa sawa, na bwana shamba alipokuja na mashine yake ya miguu mitatu akauangalia, hakusogeza hata kigingi kimoja. Waambie hilo sokoni.

Sasa nakuja kwenye kosa. Ningeweza kuliacha, wewe usingejua. Lakini linaingia kwenye maneno yangu, kwa hiyo soma.

Nilitangaza siku ya kuchimba iwe Jumamosi. Jumamosi mwethya wetu ulichimba, na sikuona sababu ya kubadilisha. Wanakamati wawili walinijia wakaniambia kwa upole kwamba nusu ya kilima ni Wasabato. Nikasema nimeshatangaza. Unanijua nikishatangaza. Jumamosi ikafika, Wakatoliki wakaja na majembe, na upande wa Wasabato ukawa mtupu kama sahani iliyooshwa. Tukachimba upande wetu hadi kwenye mpaka wa migomba ya Kwamboka. Jioni Onchari akapita anatoka kanisani, koti na Biblia, akasimama juu ya barabara.

"Bwairire, Omokamba. Sisi tunachimba kesho."

"Kesho ni Jumapili. Mimi niko kanisani."

"Nani anakuzuia? Enda kanisa. Tuambie tu vile inafanywa, tutafanya."

Nilikuwa nimechoka, na nilikuwa na hasira ya kungoja watu siku nzima. Nikamwambia maneno mawili tu, yale yale tunayosema kwetu tangu zamani: "Fanya juu." Nikachukua beleshi nikaenda zangu.

Mtoto wa Mbooni wa miaka minane ukimwambia fanya juu anajua: chimba kwenye kamba, udongo utupe upande wa juu. Udongo ule unakuwa tuta, tuta linashika kila kinachoteremka, na misimu michache ikipita shamba linakuwa ngazi. Mimi sikufikiri kwamba mtu anaweza kusikia kingine. Jumatatu nikapanda kuangalia. Munyao, nilikaa chini.

Wasabato walikuwa wamechimba juu ya kamba. Hatua moja nzima juu ya kamba, mstari safi, wamenyoosha vizuri, na udongo wote wameutupa chini, juu ya kamba yangu. Kwa hiyo pale kwa Kwamboka, ambapo pande mbili zilitakiwa kukutana, mtaro wa Wasabato ulikuwa umekuja ukakutana uso kwa uso na tuta la Wakatoliki. Tuta limekaa mdomoni mwa mtaro kama kizibo cha chupa.

Nikamwita Onchari. Akaja, akaangalia, akaridhika.

"Ulisema fanya juu," akaniambia. "Kamba ndiyo ile chini. Sisi ndio hawa juu."

"Juu ni udongo, mzee. Udongo ndio unakwenda juu."

"Udongo hukutaja. Ulitaja juu."

Na kweli, sikuutaja. Kiswahili si cha mama yake wala si cha mama yangu. Tulikuwa kama wapangaji wawili wanaogombania mlango wa nyumba ya mtu mwingine. Lakini wakati ule sikuyaona hivyo. Nilimwambia mtaro wake ni wa mkoloni, na yeye akaniambia watu wake wamevunjika mgongo Jumapili nzima, hawezi kuwaambia wafukie kwa sababu ya ulimi wangu. Nikamwambia mimi sitagusa mtaro uliopinda. Akasema basi ukae hivyo hivyo.

Kwamboka alikuwa anapalilia pale pale. Hakuinua hata kichwa. Akasema, "Na mvua ikija, itauliza nani alisema nini?"

Wazee wawili, kila mmoja akashika njia yake. Kwa siku kumi na kitu nilikuwa napita njia ya chini nisimwone, na nasikia yeye alikuwa anapita ya juu. Kilima chote kilikuwa kinatuangalia na hakuna aliyetuambia neno, kwa sababu huku mzee haambiwi.

Halafu alasiri moja ikanyesha, na wala haikuwa mvua kubwa ya msimu, ilikuwa ya kupita tu. Maji yakaja vizuri kwenye mtaro wa Wasabato, nikiyaona kutoka mlangoni kwangu, yakafika kwenye kile kizibo, yakasimama. Yakajaa. Yakatafuta mahali. Yakapasua hapo hapo kwa Kwamboka, yakalaza migomba yake kumi na mmoja yenye mikungu, yakabeba miche ya pareto aliyokuwa amepanda wiki ile, na yakashuka nayo moja kwa moja chemchemini. Nilipofika chini, kina mama walikuwa wamesimama na ndoo. Maji yalikuwa mekundu kuliko nilivyowahi kuyaona. Hakuna aliyenitukana. Walinisalimia vizuri, wakanipisha nipite. Ndugu yangu, afadhali wangenitukana.

Nikaenda nyumbani nikavuta sanduku nikaweka mashati.

Kamati ikaitwa siku ya pili. Nilikwenda nimevaa koti, nimekusudia kuaga. Banda lilijaa, wengine walikuwa nje wakichungulia. Karani akafungua kitabu akasoma maneno yangu na sahihi yangu. Onchari akasema, hakuniangalia, "Alisema mwenyewe. Imeandikwa."

Kwamboka akasimama. Alikuwa bado na tope la shamba lake miguuni, na nafikiri aliliacha makusudi.

"Kitabu imeandika mvua kubwa. Ile ya jana ilikuwa mvua kubwa? Hata kuku hawakukimbia. Na hiyo ni moja. Ya pili, Omokamba akienda, mimi nabaki na shimo mbili ambazo hazisalimiani na migomba imelala. Nani ananipimia? Wewe?" Akamgeukia Onchari. "Na wewe mwenyekiti, ulifanya juu ya nini? Juu ya kichwa?"

Watu wakacheka mpaka mabati yakalia. Onchari hakucheka, wala mimi.

Hapo Munyao ndipo niliposimama, na ninajua hutaniamini, lakini mashahidi wapo banda zima. Nikasema, "Nilikosea." Nilisema kwa sauti, hata waliokuwa nje walisikia. Sikunong'ona kama wengine wanavyonong'ona. Nikasema nilikosea siku, kwa sababu niliambiwa nikakataa. Nikasema nilikosea neno, kwa sababu nilimpa mtu neno la kwetu nikadhani ni la kila mtu. Nikasema na tatu nilikosea kwamba niliuona mtaro mbaya siku kumi nikauacha, ili tu mzee mmoja anijie kwanza. Hakuna mtu aliyewahi kukosea mara tatu akazitaja zote zikiwa zimepangwa vizuri namna ile. Karani alishindwa kuandika haraka.

Halafu Onchari akakohoa. Alitoa kofia akaiweka gotini.

"Na mimi niseme," akasema. "Ile Jumapili tulianza kutupa juu. Kijana wetu mmoja aliwahi kuona mitaro kwenye mashamba ya wazungu, akatuambia udongo ni juu. Tukatupa kidogo. Watu wakalia mgongo. Nikasema basi, mzee alisema fanya juu, chimbeni juu ya kamba, tupeni chini, chini ni rahisi." Akaigeuza kofia gotini. "Nilijua."

Unaona mtu huyo? Alijua. Siku kumi ananipitia njia ya juu na alijua. Nilitaka kukasirika, lakini nilipomwangalia nikaona ni kama kujiangalia kwenye kioo, ila mrefu kidogo. Nikaanza kucheka, na yeye akacheka, na Kwamboka akasema kama tumemaliza kucheka, migomba yake bado imelala.

Basi kamati ikaamua, na ndiyo maana nakwambia kamati si mchezo. Haikumfukuza mtu. Iliamua kila nyumba ya pande zote mbili imletee Kwamboka chipukizi la mgomba na miche ya pareto. Iliamua maneno yangu kuhusu mvua kubwa yabaki kitabuni kama yalivyo, nami nikakubali. Halafu ikatafuta siku. Jumamosi ya hawa, Jumapili ya wale, Alhamisi soko. Mzee mmoja akasema Jumatano haina kanisa na haina soko, siku hiyo haina mwenyewe. Ikaandikwa kwamba kazi ya kilima ni Jumatano.

Jumatano ile hungepata nafasi ya kusimama. Walikuja wa kanisa hili na wa lile, na hata wale wasioonekana kanisa lolote. Mimi sikusema fanya juu. Niliingia mtaroni na goti langu, nikajaza beleshi, nikatupa upande wa mlima mbele ya macho yao wote, nikamwangalia Onchari. Akaingia naye. Kina mama wa Kisabato walipika uji wa wimbi, na Wakatoliki wawili wakanung'unika kwamba risaga bila pombe ni kama mkutano wa wazazi shuleni. Risaga ndiyo mwethya wa huku. Lakini uji waliumaliza, na sufuria wakakwangua.

Tulifukia ule mtaro wa juu, tukachimba upya kwenye kamba, Wasabato wakija kutoka kwao na Wakatoliki kutoka kwao, mpaka saa tisa majembe yakawa yanagongana pale kwa Kwamboka. Nikaweka pima maji. Watu wote wakasimama. Onchari akainama mpaka pua karibu iguse kamba.

"Imelala?"

"Imelala vile inatakiwa. Inateremka unywele tu."

"Kutoka kwetu kwenda kwao?"

"Kutoka kwenu kwenda kwao."

"Ni sawa," akasema. "Sisi tumezoea kuwapa." Wakatoliki wakamrushia tope.

Juu ya tuta tukapanda majani ya mabingobingo, na hapo hata waliokataa kuchimba walikuja kuomba, maana ng'ombe anayala na maziwa yanaongezeka. Kamati ikawapa, lakini kwanza ikawauliza mtaro wa shamba lao uko wapi. Hakuna fimbo, Munyao. Ni swali tu, linaulizwa mbele ya watu.

Kisha nikangoja. Nakwambia ukweli, sikulala vizuri miezi ile. Nilikuwa napanda kila siku kutazama lile tuta, napigapiga kwa mguu, naziba mashimo ya fuko. Lingepasuka, ningerudi Mbooni na sanduku langu, na maneno yako ya sokoni yangekuwa kweli, na zaidi ya hapo ningekuwa nimewaharibia watu chemchemi yao.

Mvua kubwa ikaja mwezi wa nne. Ilianza saa nane mchana na mawe ndani yake, mabati yakawa kama watu wanapiga ngoma. Nilichukua jembe na gunia la kichwani nikapanda hadi pale mtaro ulipokutana. Nilimkuta Onchari amesimama upande wa pili na gunia lake. Usingesikia hata ukiongea. Maji yakaja mekundu, yamejaa mtaro hadi shingoni, yakafika pale palipokuwa na kizibo, na yakapita. Yalipita polepole kama wazee wanaotoka kanisani. Tukayafuata, mimi na yeye, hatua kwa hatua, mpaka kwenye njia ya nyasi, yakashuka huko mbali na chemchemi. Hayakupasua hata mahali pamoja.

Tulishuka tukiwa tumelowa. Kina mama walikuwa wameshafika chemchemini kabla yetu. Kwamboka aliingiza kikombe, akakiinua juu akakitazama, akanywa yeye kwanza. Akajaza tena akanipa mimi. Akasema, "Kunywa, baba." Si Omokamba. Alisema baba.

Nilikunywa kikombe chote. Niliona mchanga wa chini, punje kwa punje.

Tangu siku hiyo wamekuja watu kuangalia. Walikuja wa Ogembo, wakaja wa Nyamarambe, wamepanda mlima na viatu vya mjini, na kamati zao wanazitengeneza. Nyamarambe wananitaka nikawapimie. Nimewaambia wachague watu wao kwanza, na wanijulishe mapema wanasali siku gani. Bwana shamba huwaleta wageni kwangu na kusema huyu ndiye mwenye mtaro. Mimi huwaambia mtaro ni wa kamati. Halafu nawaonyesha mstari wangu.

Sasa kuhusu shamba la baba. Uliandika kwamba korongo limefika karibu na zizi, na kwamba nije haraka nikuchimbie. Nimewaomba ruhusa hapa, wamenipa mwezi wa nane wote. Onchari anataka kuja nami aone hayo maji yenye adabu. Nitakuja, lakini si kwa namna ulivyotaka. Sitakuja kuchimba peke yangu nyuma ya nyumba huku majirani wa juu wakitutumia maji yao kila mwaka. Korongo lile linaanzia kwa watu watatu kabla halijafika kwetu, na wawili kati yao hujawasalimia tangu kesi ya mpaka. Nenda ukawasalimie. Waite, na watu wa chini yetu pia, mkae, mchague kamati. Mpatane maji yapite kwa nani. Mkishapatana nitumieni habari, nami nitafika na kamba.

Na usiweke jina langu kwenye uenyekiti. Mimi nitapima tu. Nikipima vibaya, mtu yeyote aniambie hapo hapo mbele ya watu, nimeshajifunza kusikiliza. Ila asiwe wewe wa kwanza.

Mpe salamu mke wangu Mama Ndunge, na umwambie nimemwekea mbegu ya wimbi la huku na kikapu kilichosukwa na mjane mmoja wa hapa ambaye angempenda sana, maana wote wawili hawajui kunyamaza. Binti yangu Ndunge na mumewe wasalimie. Dada yetu mkubwa aliyeolewa Kilungu, mwambie miguu yangu bado ni ya baba. Shemeji yako mwalimu wa Jumapili, msalimie, na yule fundi wa majembe pale sokoni, na wote wanaocheka hapo, wasomee barua hii mchana wakiwa wengi.

Ni mimi ndugu yako mkubwa, mwenye mkono huu,

Kioko wa Mutiso,
ambaye kwa mstari wake chemchemi ya Sironga haikuwa nyekundu mwaka huu.